Gauni Lililomkataa Mwenyewe

Zipu ilipanda vizuri kutoka kiunoni, ikafika chini ya mabega, ikagoma. Mshonaji, Sindano, akaivuta taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto ameze dawa. Ikagoma. Akamwambia Kidosho avute pumzi ndani. Kidosho akavuta mpaka macho yakamtoka, na bado mgongoni pakabaki uwazi wa vidole vinne.

"Dada yangu," Kidosho alisema kwa sauti iliyobanwa, "mimi ni mkunga. Kitu kisichopita nakijua."

Siku nyingine wangecheka. Lakini ilikuwa saa sita na nusu mchana, siku ya sherehe ya mji, na saa kumi warembo wa mitaa saba walitakiwa kupanda jukwaani. Kidosho ndiye aliyechaguliwa na mtaa wa mafundi. Gauni lake ndilo hilo, la rangi ya divai, la kitambaa kinachomeremeta mtu akigeuka. Na Sindano, aliyelishona nchi ya pili, akavuka nalo mpaka likiwa mapajani mwake, akakataa hata kuliweka kwenye buti ya basi, alisimama nyuma ya mwenye gauni.

Kitandani alikaa Mavyaa, mama wa marehemu mume wa Sindano, kitambaa cheupe kichwani na kitabu cha sala pajani. Alikuwa anaangalia tu. Mavyaa hakuwa mtu wa kusema sana, lakini jicho lake lilikuwa halilali.

"Livue," alisema. "Uligeuze, nilione ndani."

"Mama, muda..."

"Muda upo. Ligeuze."

Sindano alijua wakati ule ule kwamba ameumbuka.

Tuseme ukweli, msomaji wangu, gauni lile lilikuwa na siri ya miezi minne. Lilianza kwa simu. Kaka yake Kidosho, fundi viatu, alipewa namba ya Sindano na msafiri mmoja aliyesifu mshono wake. Akapiga, akataja vipimo vya dada yake, akasema viatu atatengeneza yeye mwenyewe. Sindano akavirudia vile vipimo kimoja kimoja, akaandika, kisha akauliza swali ambalo mshonaji yeyote angeuliza.

"Fundi, kisigino chako kitakuwa na inchi ngapi?"

"Kwani gauni na kisigino vinahusiana nini, fundi mwenzangu?"

"Pindo likigusa chini, mrembo atajikwaa. Likipanda, atachekwa. Kisigino ndicho kinaniambia nikate wapi."

"Basi inchi tatu."

Hapo mazungumzo yangeisha. Lakini wiki iliyofuata fundi viatu alipiga kusema amefikiria vizuri, labda inchi mbili na nusu. Siku tano baadaye akarudi kwenye tatu. Kisigino kile kilipanda na kushuka miezi minne, na kila kilipopanda au kushuka walizungumza nusu saa. Fundi viatu alimweleza jinsi ngozi inavyolowekwa usiku kucha ndipo ikubali umbo la mguu. Sindano akamweleza jinsi kitambaa kizuri kinavyomkataa mtu mwenye hasira. Hawakutamkiana neno moja la mapenzi. Alimwita "fundi," naye akaitwa "fundi," na neno hilo lilianza kuwa tamu mdomoni kama jina la mtu.

Sindano alikuwa na miaka thelathini na minne, na sita kati ya hiyo ni ya ujane. Jina hilo alipewa na wateja kwa wembamba wake na unyoofu wa mshono wake. Kila alipokata simu, alivaa lile gauni mbele ya kioo, akasimama juu ya kipande cha ubao cha inchi tatu, akajitazama. Palipolegea, akapunguza. Palipozidi, akakata. Alijiambia ni kazi, maana fundi lazima ajaribu. Mungu anajua tunavyojiambia.

Basi Mavyaa alilishika gauni lililogeuzwa, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa ubavuni, polepole, kutoka kwapani hadi nyongani. Naye alikuwa mshonaji kabla macho hayajapungua. Yeye ndiye aliyemfundisha mkamwana wake kuacha akiba ya mshono, yaani kitambaa cha vidole viwili kinachobaki ndani ili mwili ukiongezeka nguo ifunguliwe. Fundi haikati akiba mpaka awe na hakika kabisa na mwili anaoushonea.

"Akiba iko wapi?"

"Nimeipunguza, mama."

"Umeipunguza au umeimaliza?"

Sindano alianza kuokota nyuzi sakafuni.

"Ulimpima nani?"

"Vipimo viliandikwa kwenye daftari, mama, kifua..."

"Sikuulizi kilichoandikwa. Nakuuliza ulimpima nani."

Nje ngoma za majaribio zilikuwa zinagongwa na mtu asiyejua kupiga. Kidosho, akiwa na shuka tu mwilini, aliangalia uso wa mmoja, akaangalia uso wa mwingine. Kisha akaangalia kile kiuno chembamba cha gauni na kiuno cha mgeni wake, akafunika mdomo kwa kiganja.

"Ndiyo maana kaka ametengeneza kisigino kimoja miezi minne!" alisema. "Nami nikadhani uzee."

"Kidosho, tafadhali," Sindano aliomba.

"Tafadhali nini? Dada, hili gauni halinijui kabisa. Linakujua wewe. Livae."

"Mimi?"

"Kanuni ni mbili tu. Gauni liwe halijaonwa na watu, na mrembo awe amelala mtaani siku tatu. Mimi jana nilikuwa zahanati huko nje ya mji, nimefika leo asubuhi, tungegombana na waamuzi hata hivyo. Nyinyi mmelala hapa siku nne."

"Mimi ni mjane."

"Kanuni inasema mwanamke. Haijasema awe na mume au asiwe naye."

Sindano aligeuka kumtazama mama mkwe wake. Alitegemea kukatazwa, na ndani ya moyo, akiuonea haya, alitamani asikatazwe. Mavyaa alikunja gauni mara moja, akalilaza kitandani, akapapasa pindo lake.

"Mkamwana," alisema, "watu hawa walitupokea. Huyo fundi amehama chumba chake, analala karakanani juu ya marobota ya ngozi ili wanawake wageni wapate heshima. Wewe ukaharibu kazi yao. Fundi akiharibu, anatengeneza. Utavaa, utatembea, mtaa wao usiaibike."

"Ndiyo, mama."

"Sijamaliza. Mapenzi ni kikohozi, mwanangu, nami nimekusikia ukikohoa tangu nyumbani. Kesho asubuhi tunapanda basi. Tukivuka mpaka, ile simu isilie tena. Umenielewa?"

Sindano alikumbuka mchana wa mazishi, jua kali, mkono wa mama huyu ukiwa baridi ndani ya mkono wake. Alisema siku ile, bila kuombwa na mtu, *Mama, mimi siondoki.* Neno la kaburini si neno la kuchezea.

"Nimeelewa," alisema.

Gauni lilipanda mwilini mwake bila kusumbua. Zipu ikafika juu kwa kidole kimoja. Kidosho alimzunguka mara mbili, akanyamaza, na kwa mtu kama Kidosho kunyamaza ni sifa kubwa.

"Sasa viatu," alisema mwishowe, akafungua mlango. "Kaka! Njoo na viatu! Njoo na nyundo pia, na moyo wako uushike!"

Fundi viatu aliingia kichwa kikiwa chini, akivipangusa viatu kwa kitambaa. Alikuwa mtu mrefu, wa miaka arobaini na kitu, mwenye mikono mikubwa iliyoingia rangi ya dawa ya ngozi isiyotoka kwa sabuni. Hakuwahi kuoa. Watu wa mtaani walisema aliwalea mdogo wake na karakana, akajisahau.

"Kidosho, nimeongeza msumari mdogo hapa kwa..." Akainua macho.

Kitambaa kilimtoka mkononi. Hakukiokota.

Kwa siku nne walikuwa wakisalimiana mbele ya Mavyaa. *Umeamkaje fundi. Salama fundi. Maji ya kuoga tayari.* Sasa alimtazama kama mtu aliyesoma barua muda mrefu, halafu mwandishi wake akaingia mlangoni. Hakumtazama mwili. Sindano alilikumbuka hilo baadaye. Alimtazama usoni, akabaki huko.

"Fundi," alisema, "kazi yako ni nzuri."

"Nimeiharibu. Haimfai dada yako."

"Sijasema inamfaa dada yangu."

Mavyaa alikohoa. "Kijana, viatu."

"Ndiyo, mama. Samahani, mama."

Viatu vilikuwa vya Kidosho, navyo vilimzidi Sindano karibu upana wa kidole. Fundi viatu alipiga goti, akaomba ruhusa kwa macho, si kwake bali kwa Mavyaa, na Mavyaa akaitikia kwa kichwa. Ndipo akauweka mguu wa Sindano juu ya goti lake. Akaupima kwa shubiri. Akakata soli ya ndani ya ngozi laini, akaipaka gundi, akaipuliza, akaibandika. Akashona kamba ya kukaza kifundo kwa uzi wa nta, mishono sita ya haraka, ncha ya ulimi ikimtoka pembeni kama mtoto anayeandika.

"Inabana?"

"Hapana."

"Usiniheshimu. Kiatu hakitaki heshima, kinataka ukweli."

"Inabana kidogo hapa."

Akalegeza. Kidole chake kikagusa mfupa wa kifundo na kukaa hapo kwa pumzi moja, kisha kikaondoka chenyewe, kabla ya kukoholewa. Sindano alihisi joto likimpanda mpaka masikioni. Miaka sita hakuguswa na mtu, isipokuwa wateja wakimshika bega kumshukuru.

"Jukwaa ni la mbao," alimwambia bado akiwa chini. "Kuna nafasi kati ya ubao na ubao. Usitembee kwa kisigino. Tanguliza ncha, kisigino kifuate. Ukiogopa, mimi nitakuwa kona ya kulia. Nikiona kimelegea, napanda."

"Utapanda jukwaani mbele ya watu wote?"

"Napanda."

*

Uwanja ulijaa mpaka juu ya kuta. Watu wa kila mtaa walikaa pamoja, wakitaniana kwa sauti: wa sokoni wakiwaambia mafundi kwamba mrembo wao bila shaka ameunganishwa kwa gundi, mafundi wakiwajibu kwamba wa kwao ataoza kabla ya Jumatatu. Warembo sita walitangulia. Walikuwa wabichi, wa miaka ishirini, ishirini na mbili, wakizunguka na kutabasamu kama walivyofundishwa.

Mshereheshaji, mtu mnene mwenye koti la kung'aa, akasoma karatasi, akaisoma tena. "Wa saba, mtaa wa mafundi. Kidosho hayupo. Wametuletea... jamani, wametuletea mgeni!"

Sindano alipanda. Hakujua kuzunguka wala kutabasamu kwa kuamrishwa. Alijua jambo moja, jinsi nguo inavyotaka kubebwa, maana amewaambia wanawake wengi: shusha mabega, acha shingo, usiishike nguo, iache ifanye kazi yake. Akafanya alivyokuwa akifundisha. Ncha kwanza, kisigino kifuate.

Kelele zikapungua. Zilipungua kutoka mbele kwenda nyuma, safu kwa safu, mpaka hata wa ukutani wakanyamaza. Mwanamke mmoja wa sokoni alisema kwa sauti iliyosikika na wote, "Huyu hajaja kushindana. Huyu amekuja kupita." Kisha vigelegele vikaanza, na wa kwanza kuvipiga ni Kidosho.

Sindano aliona mambo mawili tu. Kona ya kulia, fundi viatu na nyundo yake, akiwa ameishika kifuani kwa mikono miwili kama mtu aliyevua kofia. Na safu ya tatu, kitambaa cheupe cha Mavyaa. Mavyaa hakupiga makofi. Alikuwa ameegemea mbele, kinywa wazi kidogo, akimtazama kama asiyemjua.

Kila mrembo aliulizwa swali moja. Mshereheshaji akamsogelea kwa kipaza sauti.

"Mgeni wetu, karibu sana. Swali letu ni jepesi. Ukishinda, tukubakishe?"

"Abaki! Abaki!" mtaa wa mafundi ukapiga kelele.

"Unawasikia? Wanakutaka. Au kuna mtu kwenu anakusubiri? Tuambie, kwako ni wapi?"

Swali lilikuwa la mzaha, lakini lilimchoma. Aliangalia kona ya kulia. Angeweza kusema neno lolote la kuchekesha, watu wakacheka, akashuka. Hakuweza.

"Kwangu ni alipo yule mama," alisema, akanyoosha mkono. "Mwenye kitambaa cheupe. Alinizalia mume. Mume alipotangulia, tulibaki wawili. Akikaa, nipo. Akiinuka, naondoka naye. Sina kwangu kwingine."

Mama mmoja akalia kwa sauti, na mwingine akaanza makofi, na makofi yakaenea mpaka turubai la jukwaa likatikisika. Kona ya kulia, fundi viatu alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na ule uso wa mtu aliyeambiwa bei na kuona ni ya haki.

Taji lilikwenda kwa msichana wa mtaa wa sokoni, naye alilistahili, hakuna aliyenung'unika. Sindano alivishwa utepe wa mshindi wa pili. Mtaa wa mafundi ulimbeba begani kana kwamba ndiye wa kwanza, na mzee mmoja fundi makufuli akamwambia, "Binti, miaka ishirini na tano tumekuwa wa mwisho. Leo nimekula kiapo nitakufa na furaha."

*

Jioni jua likiwa bado juu ya mabati, Mavyaa alikuwa akifunga mizigo. Sindano alitaka kuvua gauni, lakini Kidosho alisema atalivua baada ya chai, aache macho yashibe. Basi akakaa ukingoni mwa kiti cha sebule, utepe ukiwa umemkaa upande.

Mlango ukabishwa hodi. Mwenye nyumba alikuwa anapiga hodi nyumbani kwake.

"Karibu," Mavyaa alisema, bila kuinua macho kwenye begi. "Umekuja kuaga?"

Fundi viatu alikuwa amenawa, amevaa shati jeupe lenye mikunjo ya sanduku. Hakumtazama Sindano. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Mavyaa, akakaa kwenye mkeka chini yake.

"Sikuja kuaga, mama. Nimekuja kuomba."

"Nilishamwambia mkamwana wangu habari hiyo imeisha. Na mwenyewe amesema mbele ya mji mzima kwake ni wapi. Hukusikia?"

"Nilisikia kuliko wote. Amesema kwake ni kwako. Basi nimekuja kwako." Akanyoosha mikunjo ya shati. "Naomba mke, mama. Na kwa kuwa nimeelewa hamtenganishwi, naomba na mama."

Mavyaa aliacha zipu ya begi. "Unatuchukua wawili kama jozi ya viatu?"

"Ndiyo, mama. Kimoja hakitembei."

Nyuma ya pazia mtu alicheka, akajiziba.

"Usinichekeshe, kijana. Mimi sitaki huruma. Wala sihami nchi. Nina kaburi la kupalilia."

"Sijasema uhame. Nahama mimi. Nyundo, koleo, kalibu zangu za mbao za kuundia viatu, vyote vinaingia kwenye sanduku moja. Kwenu watu hawatembei peku, nitapata kazi. Na kaburi nitalipalilia pamoja na wewe, kama utaniruhusu, maana aliyelala pale alinitunzia."

Sindano alishika ukingo wa kiti. Hakujua kwamba mtu anaweza kusema hivyo.

"Utamwacha mdogo wako?" Mavyaa aliuliza. "Damu yako moja?"

"Mama, mchukue!" Kidosho akapayuka kutoka nyuma ya pazia. "Mchukue hata leo! Mimi nina zahanati yangu na mchumba anayeniogopa. Huyu kaka ananipikia uji kila nikija kana kwamba nina meno mawili!"

Mavyaa hakucheka. Alikaa, akakilaza kitabu cha sala pembeni, na sauti yake iliposikika ilikuwa imepungua ukali.

"Nikwambie kitu, wewe fundi. Nilipomzika mwanangu, huyu alinishika mkono akaniambia haondoki. Sikumwomba. Lakini nililishika lile neno. Kila alipoitwa harusini, niliumwa kichwa. Kila alipoposwa, na aliposwa mara tatu, yeye hajui, nilijibu mimi mlangoni. Nilijiambia namlinda. Kumbe nilikuwa naogopa kubaki na kuta."

"Mama..." Sindano alisema.

"Nyamaza, nimalize kabla sijaghairi. Leo nimemwona pale juu. Watu wale wote hawamjui hata jina, wakanyamaza. Mimi nimekaa naye miaka sita, napikiwa naye, naogeshwa naye nikiumwa, sijawahi kumtazama hivyo hata siku moja. Mtu mzuri namna ile, nikamfanya mlinzi wa makaburi. Nimekaa pale namwomba Mungu msamaha, na watu wakadhani nasinzia."

Machozi yalikuwa yakimshuka Sindano juu ya utepe. Aliteremka kitini, akapiga magoti, akaweka kichwa kwenye paja la mama mkwe wake. Mkono wa kizee ukapapasa nywele zake, ukipanga kile ambacho Kidosho alikipanga mchana.

"Unamtaka huyu mtu?"

Mwanamke aliyezoea kujificha nyuma ya kazi hana maneno ya jambo hili. Fundi viatu alikuwa anatazama mikono yake.

"Namtaka, mama," Sindano alisema. "Nakutaka na wewe. Nikiambiwa nichague, nitakuchagua wewe, nami nitaumia. Lakini namtaka."

Mavyaa alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua ndoo kichwani baada ya njia ndefu. Akajifunga kitambaa chake upya. Akakaa wima. Na pale pale, mbele ya macho yao, alibadilika: hakuwa tena mgeni aliyefunga mizigo, alikuwa mzazi mwenye mali.

"Fundi," alisema, "mkamwana haposwi. Mkamwana ameshaolewa. Anayeposwa ni binti."

Fundi viatu alipauka. "Kwa hiyo, mama..."

"Kwa hiyo unazungumza na mama yake. Keti vizuri. Posa haiombwi na mtu mmoja mwenye shati la mikunjo. Una wazee?"

"Nina baba mdogo, mama. Na yule mzee wa makufuli alinisimamia tangu nikiwa mdogo."

"Wakaitwe. Basi la kesho litaondoka bila sisi. Nina maswali, na mengine hutayapenda. Unasali?"

"Nasali, mama."

"Tutaona. Unakunywa?"

"Chai tu, mama!" Kidosho alijibu kutoka nyuma ya pazia.

"Sikukuuliza wewe, mkunga. Wakaite wazee."

Nyayo za Kidosho zikasikika zikikimbia uani, na sauti yake ikianza kutangaza kabla hajafika barabarani. Sindano aliinuka magotini, uso umelowa, akicheka na kulia kwa pamoja, akamtazama fundi viatu, naye akamtazama, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mtu wa kukohoa.

Lakini Mavyaa alikuwepo.

"Na wewe unasimama hapo unafanya nini?" alimwambia Sindano. "Binti anayeposwa anakaa sebuleni kusikiliza bei yake? Mimi nilikulea hivyo? Ingia ndani."

"Mama, nina miaka thelathini na..."

"Ndani!"

Sindano alikusanya pindo la gauni la rangi ya divai kwa mikono miwili, akaingia chumbani mbiombio kama msichana wa miaka kumi na saba, akafunga mlango. Kisha akavua viatu vya visigino ili visilie sakafuni, akarudi kwa ncha za vidole, na akabandika sikio kwenye ubao wa mlango.